Kisu cha kukunja: loki huteleza kabla ya kuvunjika

Barua zilizotufikia safari hii zinazunguka jambo moja: kisu cha kukunja, na kama kinaweza kuaminiwa mkononi. Kabla ya majibu, tukubaliane majina. Bapa ni kile chuma chenye makali, na mgongo ni upande wake ulio kinyume na makali. Shina ni sehemu ya nyuma ya bapa, iliyotobolewa ili izunguke kwenye mhimili, ile pini inayounganisha bapa na mpini. Kizuizi ni pini ambayo shina huigonga na kusimama pale kisu kinapofunguka chote. Loki ni kile kinachoingia nyuma ya shina ili bapa lisirudi kwenye mpini.

Ndugu wahariri, nimenunua kisu chenye loki ya bamba. Nikikifungua, bamba linaingia nyuma ya bapa kidogo tu, halifiki hata katikati. Rafiki yangu anasema nimeuziwa kibovu, kwa kuwa bamba la kisu chake huvuka lote hadi upande wa pili. Nani yuko sahihi?

Yaelekea kisu chako ni kizima, na cha rafiki yako ndicho cha kuangaliwa. Loki ya bamba, ambayo umbo lake la kisasa lilitengenezwa na fundi wa visu Michael Walker wa Marekani mwanzoni mwa miaka ya 1980, ni bamba la ndani ya mpini lililokatwa likawa kama ulimi, na ulimi huo umekunjwa kidogo ili usukume kuelekea katikati. Kisu kikifunguka, ulimi huruka na kuingia nyuma ya shina. Uso wa shina unaoupokea haukunyooka wima. Umechongwa kwa mshazari, aghalabu wa nyuzi 7 hadi 10, na mshazari huo una kazi: vyuma vikilika kwa matumizi, ulimi husogea mbele kidogo kidogo na kuendelea kubana. Ndiyo maana kisu kipya huachiwa nafasi ya kusogea. Ulimi unaokaa kwenye asilimia 30 hadi 50 ya unene wa shina umekaa pazuri. Uliovuka mpaka ukagusa bamba la upande wa pili umemaliza safari yake. Hauna tena mahali pa kwenda, na bapa litaanza kucheza.

Hata hivyo, usihesabu asilimia ukaishia hapo. Linalotushughulisha zaidi ni mahali hasa ulimi na shina vinapogusana, na hilo macho hayalioni. Chukua kalamu ya wino mzito usiofutika, paka ule uso wa shina, acha ukauke, kisha fungua na ufunge kisu mara 10. Sasa tazama wino ulikofutika. Alama nzuri ni pana, na iko upande wa uso ulio mbali na mhimili. Ukiona kidoa karibu na mhimili, bapa litapata upenyo wa kutikisika juu na chini. Ukiona kistari chembamba pembeni, ulimi unagusa kwa kona yake tu, na kona hulika upesi. Wino uliobaki futa kwa spiriti.

Mshazari ukikosewa kiwandani, kisu huonyesha dalili mapema. Ukiwa mkali mno, nguvu inayosukuma bapa kujifunga huusukuma ulimi nje, na loki huteleza. Ukiwa mdogo mno, ulimi hukwama na kufungua kisu kunakuwa vita. Tafadhali usijaribu kuurekebisha kwa tupa. Hapo sehemu ya kumi ya milimita ni nyingi, na chuma ukishakiondoa hukirudishi.

Salaam. Kisu changu kinacheza. Nimekaza skrubu ya mhimili mpaka bapa halifunguki kwa dole gumba, bado kinacheza. Nifanyeje?

Legeza skrubu kwanza, halafu tutafute ulegevu uko wapi. Kisu hucheza kwa namna mbili, na dawa ya moja haiponyi nyingine.

Fungua kisu na ushike mpini bila kuubana, maana mkono unaobana huficha ulegevu. Kwa mkono wa pili shika bapa kwa mbavu zake karibu na ncha, dole gumba upande huu na kidole cha shahada upande ule, makali yasiguswe. Sukuma kushoto na kulia. Halafu sukuma kuelekea mgongo, kisha kuelekea makali. Sikiliza pia, kwa sababu mara nyingi sikio hunasa mlio mdogo wa "tik" kabla vidole havijahisi kitu.

Kikicheza kushoto na kulia, shida iko kwenye mhimili na waasha zake, vile vipete vyembamba vilivyo kati ya shina na mpini. Visu vingi vya kisasa vina skrubu yenye tundu la nyota, na bisibisi ya T8 au T10 ndiyo inayoingia kwenye ile ya mhimili. Zile ndogo za mpini huwa T6. Kaza kwa kipande kimoja cha nane cha mzunguko, jaribu, kaza tena kiasi hicho hicho. Ukifika mahali bapa linakuwa zito na bado linacheza, acha kukaza. Hapo ama waasha zimelika, ama tundu la shina limepanuka likawa kama yai, ama chembe ya mchanga imekaa chini ya waasha na kuiinua upande mmoja. Hilo la mchanga ndilo la kuangaliwa kwanza kwa sababu halina gharama: fungua, futa waasha na shina kwa kitambaa kisichoacha nyuzi, tia tone moja la mafuta mepesi kila upande, rudisha.

Skrubu ikiwa inalegea yenyewe kila baada ya siku chache, inahitaji gundi ya nyuzi za skrubu, ile ya nguvu ya kati ambayo kwa kawaida huwa ya buluu. Kiasi cha kichwa cha pini kinatosha. Safisha mafuta kwenye nyuzi kabla ya kuipaka, iweke kwenye nyuzi za mwisho tu, na usiache ikatambaa hadi kwenye waasha. Kisha kisu kilale saa 24. Walio na kisu kilichofungwa kwa pini za kufuliwa badala ya skrubu hawana cha kukaza. Ulegevu wake ni kazi ya fundi mwenye fuawe.

Kwa maelezo yako, tunashuku kuwa kisu chako kinacheza juu na chini. Ulegevu huo hautibiwi kwa skrubu ya mhimili hata uikaze mpaka ikatike, kwa sababu bapa limeshikwa kati ya vitu vitatu: mhimili, kizuizi na loki. Pengo linaweza kuwa kwenye kimojawapo kati ya hivi viwili vya mwisho. Anza na uchafu. Nyuzi za mfukoni zikigandamana na vumbi hutengeneza kijidonge kigumu kama mpira, kikijibanza kwenye kona ya shina, na loki haiingii yote. Kitoe kwa kijiti cha meno. Kisha tazama kizuizi: kimepinda, kimelegea, au kimechimbwa na shina? Katika baadhi ya visu kizuizi ni pini isiyofungwa kabisa, unaweza kuizungusha ili upande mpya ugusane na shina, na ulegevu ukaisha papo hapo. Kizuizi kikiwa kizima na kumesafishwa, basi uso wa loki ndio uliolika.

Kwa loki ya mgongo, yaani ile yenye upau nyuma ya mpini ambao jino lake huingia kwenye shina, tunaruhusu kitu kidogo. Ukilisukuma bapa kwa nguvu kuelekea juu na likatikisika kiasi cha unywele, si ishara ya ubovu. Ndivyo loki hiyo ilivyo. Ulegevu unaoongezeka mwezi hadi mwezi ni jambo jingine, na kisu cha namna hiyo kitoe kazini.

Nimeona watu wakijaribu loki kwa kugongesha mgongo wa kisu mezani kwa nguvu zote. Ndiyo njia sahihi?

Hapana, na tunaomba wasomaji waiache. Kugonga kwa nguvu kunaufanya ulimi wa loki uruke kwa mtikisiko, jambo ambalo kazi ya kukata haifanyi. Kunaweza kuangusha kisu kizuri na kupitisha kibaya. Isitoshe, kila pigo huponda nyuso mbili ambazo kisu kizima kinazitegemea. Wanaofanya hivyo mara nyingi huwa wamevizungusha vidole kwenye njia ya bapa, na loki ikiachia, makali hushuka juu ya vidole.

Ili kuona kwa nini shinikizo dogo linatosha, fikiria kisu kama wenzo. Uso wa loki uko karibu sana na mhimili, tuseme milimita 7. Ukisukuma mgongo wa bapa milimita 70 kutoka kwenye mhimili, nguvu yako inafika kwenye loki ikiwa imezidishwa mara 10. Kilo 5 za mkono wako zimekuwa kilo 50 juu ya ukingo wa chuma ambao pengine una unene wa milimita 1.5. Kwa hesabu hiyo hiyo, kisu chenye bapa refu huisumbua loki kuliko kifupi, hata kama loki ni za aina moja.

Jaribio letu linahitaji mizani ya jikoni inayofika kilo 5 au zaidi, kipande cha mbao na glavu ya ngozi. Safisha kisu kwanza na ukaushe, maana loki chafu haijapimwa. Kifungue polepole mara 10, ukiongoza bapa kwa dole gumba hadi mwisho, na kila mara tazama loki imeingia kiasi gani. Halafu kifungue kwa kasi mara 10. Zipo loki zinazoingia vizuri kisu kikirushwa lakini zinazosita kisu kikifunguliwa taratibu, na huko ndiko ajali zinakotokea, kwa kuwa mtu aliyechoka hufungua taratibu.

Weka mbao juu ya mizani. Shika mpini kwa kuubana pande zake mbili kati ya kiganja na ncha za vidole, kidole chochote kisipite kwenye mfereji ambamo bapa hulala. Hilo usilipuuze hata ukiwa na glavu. Laza mgongo wa bapa juu ya mbao, karibu na ncha, ubonyeze pole pole mpaka mizani isome kilo 5, na uhesabu hadi 5. Mtu wa pili atazame loki kwa tochi. Isisogee hata kidogo. Ikirudi nyuma kwa nusu milimita tu kisha ikasimama, kisu kimeshindwa, kwa sababu kilichosogea leo kwa kilo 5 tulivu kitasogea zaidi mkono ukiteleza.

Baada ya hapo jaribu kupindisha. Zamisha ncha milimita 2 au 3 kwenye mbao laini na uzungushe mpini kidogo kushoto, kidogo kulia, kama mtu anayenasua kisu kilichong'ang'ania kwenye gome. Loki za bamba nyingi zinazofaulu kubonyezwa hushindwa hapa, kwa sababu mpini ukipinda, bamba hupinda nao na ulimi huondoka kwenye shina. Mwisho, gonga mgongo juu ya mbao mara 3 kwa kifundo cha mkono tu, kwa uzito ule wa kubisha hodi mlangoni. Loki inayoachia kwa hodi haifai, na hapo hakuna mjadala.

Loki ipi ndiyo yenye nguvu kuliko zote?

Swali hili tunalipata kila mara, na tunaogopa kulijibu kwa neno moja, kwa sababu loki chache sana huvunjika. Nyingi huteleza. Aina dhaifu iliyosawazishwa vizuri itakutunza kuliko aina imara iliyotengenezwa ovyo. Lakini tofauti zipo.

Loki ya mgongo, iliyopata umaarufu mkubwa kupitia kisu cha Buck 110 cha miaka ya 1960, ina upau unaobembea juu ya pini yake, na jino la upau huingia kwenye pengo la shina. Ni imara na mkono haufiki kwenye njia ya bapa unapoifungua. Udhaifu wake ni ile pini: mzigo wote hupitia hapo. Andrew Demko alipobuni loki ya Tri-Ad kwa kampuni ya Cold Steel aliweka pini ya kizuizi kati ya shina na upau, ili mzigo uingie kwenye pini hiyo badala ya ile ya kubembea. Kwa shinikizo la moja kwa moja, ni miongoni mwa loki ngumu sana tunazozijua.

Loki ya fremu, iliyobuniwa na mtengeneza visu Chris Reeve, ni ndugu wa loki ya bamba, ila ulimi umekatwa kwenye mpini wenyewe, na mpini huwa na unene wa milimita 3 hadi 4. Uzuri wake ni kwamba ukiushika mpini vizuri, vidole vinaubana ulimi uelekee ndani. Ubaya uko kwenye mahali ulimi ulipopunguzwa unene ili uweze kupinda. Ukiusukuma nje kupita kiasi wakati wa kufunga, hupoteza mkazo, kwa hiyo chagua kisu chenye kidude cha kuuzuia usivuke mpaka.

Loki ya upau mtambuka, iliyotolewa na kampuni ya Benchmade mwaka 1998, hutumia upau wa chuma unaosukumwa na springi mbili hadi ujipachike kati ya shina na kizuizi. Springi moja ikikatika, ya pili huendelea kuubeba upau, nawe utahisi tofauti kwenye kidole kabla ya kuiona. Loki ya pete ya visu vya Opinel, iliyoanza mwaka 1955, ndiyo rahisi kuliko zote: bomba la chuma lenye ufa, unalizungusha na linaziba njia ya bapa. Nguvu yake inategemea mkono wako. Pete isiyozungushwa hadi ikabana haijafunga chochote.

Kisu changu cha loki ya mgongo kimejifunga nikiwa nimekibana kwa nguvu nikikata kamba nene. Loki haikuvunjika. Imekuwaje?

Wewe mwenyewe uliifungua, bila kujua. Kiganja kilichokaza kilibonyeza ule upau nyuma ya mpini, jino likatoka, na kamba ikamalizia kazi. Baadhi ya watengenezaji huchimba kijibonde kwenye upau, kinachoitwa kwa jina la mtengeneza visu David Boye, ili kiganja kipite juu yake bila kuubonyeza. Kama chako hakina, kizungushe mkononi kikiwa kimefunguka, ukibane vile vile ulivyokibana siku hiyo, na uone upau unaangukia sehemu gani ya kiganja. Ukiangukia kwenye nyama iliyo chini ya dole gumba, kisu hicho hakikutengenezewa mkono wako. Tazama pia pengo la jino: likiwa na uchafu, jino huingia nusu na hutoka kwa mguso mdogo.

Loki yangu ya titaniamu inanata. Niitie mafuta?

Usitie. Mafuta kwenye uso wa loki ya bamba au ya fremu ni mwaliko wa kuteleza. Titaniamu ni laini kuliko chuma cha pua cha shina, na nyuso hizo zikisuguana, titaniamu hupaka punje zake kwenye shina na kung'ang'ania. Safisha uso wote kwa spiriti, kisha sugua shina kwa risasi ya penseli laini, mipigo michache tu. Mara nyingi kunata hupungua baada ya kufungua na kufunga mara mia kadhaa. Visu vingine huwekewa kipande cha chuma kigumu kwenye ncha ya ulimi, na tatizo hilo halionekani kabisa.

Je, kisu kisicho na loki, chenye springi tu, ni cha kuchezea?

Si cha kuchezea hata kidogo. Kisu cha springi hukufundisha mkono: usukume makali, usisukume ncha. Kwa kuchonga, kumenya, kukata kamba na karatasi hakina upungufu. Kipime kwa mambo mawili. Kifungue nusu, na bapa lisimame pale kwenye nyuzi 90 ikiwa kimetengenezwa na kituo hicho, kwa sababu kituo cha katikati hukupa nafasi ya kuondoa vidole. Kisha kikiwa wazi chote, bapa likae bila kutikisika na springi iwe sawasawa na mgongo, isiinuke wala kuzama. Kazi ya kuchoma, kutoboa au kupindisha ifanywe kwa kisu kisichokunjwa, hata kama kile cha mfukoni kina loki nzuri kiasi gani.

Mpini wa plastiki bila mabamba ya chuma ndani, unaaminika?

Inategemea plastiki. Nailoni iliyochanganywa na nyuzi za kioo ni imara na hubeba kazi ya miaka mingi. Fungua kisu, shika mpini kwa mikono miwili na uupinde kwa ubavu. Mpini wenyewe usikubali kupinda kama rula. Kisha bana pande zake mbili karibu na mhimili na utazame bapa: likisogea kuelekea upande mmoja, mbavu za mpini zinakaribiana, na loki ya bamba itasogea nazo. Hesabu pia skrubu au nguzo zinazoziunganisha pande mbili. Mbili peke yake kwa mpini wa sentimita 11 ni chache. Tatu zinatosha, mradi moja iwe karibu kabisa na kizuizi, kwa maana huko ndiko mzigo unakoingia.